Waya Uliochomekwa na Mgeni Rasmi

Mimi si mtu wa siasa. Nalisema hili mapema ili tukikutana usije ukanitazama vibaya. Kazi yangu ni karani wa mihtasari katika Chuo cha Juu cha Maendeleo ya Juu, na kwa miaka ishirini na mmoja sijaacha neno hata moja lililotoka kinywani mwa mkubwa. Mkubwa akipiga chafya, naandika: "Mwenyekiti alitoa maoni mafupi."

Nchi yetu siitaji jina. Siogopi, ila jina lake linasubiri kuzinduliwa upya, na kabla ya hapo kulitamka ni kosa. Itoshe kusema ni nchi nzuri, yenye milima, maziwa, na Sheria ya Kulinda Heshima ya Vitu Vilivyozinduliwa.

Sheria yenyewe ni fupi. Inasema kitu kikishazinduliwa na mgeni rasmi, hakitaguswa, hakitasogezwa, hakitafunguliwa wala kufungwa na mtu mwingine, isipokuwa mgeni rasmi wa cheo hicho au zaidi, katika uzinduzi mwingine. Mwanzoni wapo waliodhani ni utani. Kisha mgeni rasmi mmoja akaja kuzindua bomba la maji la Hospitali ya Bondeni, jirani na chuo chetu. Akafungua koki, maji yakatoka, akinamama wakapiga vigelegele, akanawa mikono, akapewa taulo, akapanda gari akaondoka. Koki hakuifunga. Mwaka wa saba ulifika, na maji yalikuwa bado yanatoka. Wauguzi walizoea kufanya kazi na mabuti, na nyuma ya wodi ya wazazi kukawa na bata.

Sasa nije kwenye waya.

Chuo chetu kilipata mtandao wa kompyuta wa waya. Mtandao wa hewani ulikwisha kupigwa marufuku nchini kote kwa sababu ya msingi kabisa: hauna mahali pa kufunga utepe. Kompyuta thelathini zilipangwa katika Chumba cha Kompyuta, zote zikaunganishwa kwenye kisanduku kimoja cha kugawa mtandao, na kutoka kwenye kisanduku hicho ukatoka waya mmoja wa buluu wa kuchomekwa ukutani. Huo ndio uliotengwa kwa ajili ya mgeni rasmi, Waziri wa Mawasiliano, Mheshimiwa Daktari Kandidus Malekano.

Fundi wetu wa mtandao, Obadia Sichalwe, alikuwa ameweka soketi chini ukutani, karibu na sakafu, nyuma ya meza, kama mafundi wanavyofanya. Siku mbili kabla ya uzinduzi alikuja kukagua Bi. Eufrasia Kilamlya, Mkuu wa Itifaki. Alipoiona soketi ile alishika kiuno.

"Fundi, kwa hiyo mheshimiwa atainama?"

"Kidogo tu, mama. Ni kuchomeka na kusimama."

"Mbele ya kamera? Waziri ainame mbele ya kamera, halafu mimi kesho niwe wapi?"

Na kweli, angekuwa wapi? Akaitwa seremala. Soketi mpya yenye fremu ya rangi ya dhahabu ikapigiliwa ukutani usawa wa kifua cha waziri, kifua ambacho vipimo vyake viliombwa wizarani kwa barua. Nyuma ya soketi hiyo kulikuwa na tofali. Nyuma ya tofali kulikuwa na choo cha wahadhiri.

Siku ikafika. Ngoma zikapigwa, utepe ukakatwa, waziri akauchukua waya wa buluu kwa vidole viwili akauchomeka kwenye ile soketi ya dhahabu. Ukalia tik. Tulipiga makofi hadi viganja vikawaka moto.

"Kuanzia sasa," alisema waziri, "dunia nzima imo ndani ya chumba hiki. Mkisikia joto, msishangae."

Fundi Obadia akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, samahani, taa ya mtandao haijawaka."

Mkuu wa Chuo, Profesa Mkunde, akainyakua maikrofoni. "Fundi anasema kwamba kwa mwanga huu aliotuletea mheshimiwa, taa hazihitajiki tena!" Makofi yakarudi upya. Mimi nikaandika kama alivyosema Profesa.

*

Kesho yake mtandao haukuwepo. Keshokutwa pia haukuwepo.

Ungekuwa mchezo tu, lakini wizara ilikuwa imeleta na kitu kinaitwa Mfumo. Tafiti zote za mwaka wa tatu zilitakiwa kutumwa kwa Mfumo, kupitia waya, kutoka ndani ya chumba kile. Karatasi hazikupokelewa tena. Kila idara ilipewa siku yake ya mwisho, na ambaye utafiti wake haukuingia kwenye Mfumo kabla ya saa kumi alasiri ya siku hiyo, alirudishwa mwaka wa kwanza. Jumatatu Idara ya Historia nzima ilirudi mwaka wa kwanza. Jumatano ikafuata Jiografia, wakiimba.

Idara ya Hisabati ilipangiwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Hisabati mwaka wa tatu ilikuwa na mwanafunzi mmoja tu, binti aitwaye Nasikiwa Mshighati.

Nasikiwa alikuwa amerudishwa mwaka wa kwanza mara mbili tayari. Mara ya kwanza jina lake liliandikwa kwenye orodha ya wapishi. Mara ya pili jengo la mitihani lilizinduliwa likiwa limefungwa, na hakukuwa na wa kulifungua. Wakati akizunguka hivyo, mdogo wake wa tumbo moja, Anziwa, alimpita, akahitimu, akaajiriwa, na sasa ndiye aliyekuwa akimfundisha takwimu. Nyumbani Anziwa alimwamkia dada yake. Darasani Nasikiwa alisimama akasema, "Habari za asubuhi, mwalimu." Wote wawili walikuwa wakitazama pembeni.

Alikuja ofisini kwangu Jumatatu ya wiki hiyo ya Hisabati, mabuti yakiwa yamejaa tope la Bondeni.

"Shikamoo mzee Ngwali."

"Marahaba. Vua hayo mabuti, nimetoka kupiga deki."

Akayavua. Mkononi alikuwa na kitabu cha kurasa sitini, alichokipiga chapa na kukijalidi mwenyewe. Jalada liliandikwa: Kasi ya Kujaa kwa Maji Katika Bonde la Hospitali. Kumbe miaka miwili binti huyu alikuwa akienda kila wiki kupima maji ya lile bomba kwa fito alizozichoma ardhini.

"Mzee, hiki lazima kitumwe Ijumaa. Nikirudi tena mwaka wa kwanza, sirudi. Naenda zangu kuuza vitumbua. Na humu ndani kuna jambo ambalo mtu inabidi alisome."

"Basi mwanangu, ombea mtandao upone," nikamwambia, kwa maana wakati ule nilikuwa mtu wa hivyo.

*

Usidhani uongozi ulikaa bure. Tangu wiki ya kwanza iliundwa Kamati ya Kushughulikia Tatizo Lisilokuwepo. Iliitwa hivyo kwa sababu kusema tatizo lipo kungekuwa kumkosea waziri. Mimi ndiye nilikuwa mwandishi wake.

Kikao cha kwanza, Fundi Obadia aliitwa kutoa maelezo ya kitaalamu.

"Waheshimiwa," alisema, "mtandao ukikatika, kitu cha kwanza ni kuangalia kama waya umechomekwa mahali pake."

Bi. Eufrasia aliweka kikombe chini. "Umechomekwa na nani?"

"Na mheshimiwa waziri."

"Kwa hiyo unauliza kama waziri anajua kuchomeka?"

"Mama, soketi ile ina tofali nyuma. Mimi ninachosema ni kwamba..."

"Umesema ya kutosha," akasema Profesa Mkunde, na Obadia akapewa onyo la maandishi. Kuanzia siku ile alitembea na kibandiko kifuani: USINIULIZE.

Baada ya kuondoa uwezekano huo, kamati ikaendelea na vyanzo vingine. Chumba kilipakwa rangi. Wanafunzi walifundishwa kukaa wima. Kompyuta namba saba, ambayo Profesa mwenyewe aliijaribu ikamgomea, iliandikiwa barua ijieleze kwa nini isichukuliwe hatua za kinidhamu. Ilipewa siku tatu. Haikujibu. Ukimya huo ulitafsiriwa kama kiburi, ikasimamishwa kazi kupisha uchunguzi, na mlinzi akawekwa mlangoni ili isiharibu ushahidi.

Jumanne Nasikiwa alimfuata Fundi Obadia karakanani. Nami nilikuwepo, nimepeleka feni yangu.

"Fundi, ukiuhamisha waya kwenye ile soketi ya chini, mtandao unarudi?"

Obadia akagonga kibandiko chake kwa kidole. Kisha akachungulia dirishani, akachungulia na mlangoni. "Kabla hujafumba jicho, dada. Soketi ya chini ni nzima. Nimeipima kwa mkono wangu. Lakini waya ule ukiugusa, utaota mvi ndani."

"Kwa hiyo anayeweza kuugusa ni waziri peke yake."

"Waziri hawezi kurudi kurekebisha. Atarekebisha nini, na yeye hakosei?"

Nasikiwa aliichezea koleo ya fundi. Nilimwona akihesabu kichwani, midomo ikichezacheza.

"Hatarekebisha kitu," alisema. "Atazindua Awamu ya Pili."

Ndugu msomaji, ninayajua mambo ya nchi hii. Hakuna kiongozi wetu aliyewahi kuikataa Awamu ya Pili.

*

Barua aliiandika mwenyewe, mimi nikaipiga muhuri. Kumshawishi Bi. Eufrasia ndiko nilikokuona kugumu, lakini binti alikwenda na picha. Alichora waziri akiwa amepiga goti kando ya soketi ya chini, na wananchi wakimtazama wakifuta machozi.

"Mama, uchaguzi uko karibu," alisema. "Waziri aliyesimama wanaye nchi zote. Waziri aliyepiga goti mbele ya wanafunzi anaye nani?"

Bi. Eufrasia aliitazama ile picha muda mrefu. "Mimi siku zote nimesema lazima ainame," alisema hatimaye. "Ni huyo fundi aliyekuwa mbishi." Akaagiza mto wa kupigia goti, wa buluu iliyokoza, wenye pindo.

Waziri akakubali kuja Ijumaa saa mbili asubuhi, maana yake tungemwona baada ya saa nane. Hilo wote tulilitegemea. Lililomtoa Nasikiwa jasho ni ratiba. Alikuja nayo kwangu Alhamisi mchana.

"Mzee, hotuba ya mheshimiwa ni kipengele cha tatu. Kuchomeka waya ni cha tisa."

"Ndivyo inavyokuwa siku zote."

"Mara ya mwisho alihutubia kwa saa tatu nzima. Saa kumi itampita akiwa bado anasalimia." Akaikunja ile karatasi, akaikunjua. "Mzee, si ni wewe unayechapa ratiba?"

Sikupenda alivyoniuliza. Ni kweli ninayechapa ni mimi, na ni kweli kwamba katika nchi yetu kilichoandikwa kwenye ratiba hufanyika. Mwaka mmoja niliteleza, kwenye mahafali nikaandika "Dua ya kumwombea marehemu mgeni rasmi." Tulisimama wote tukamwombea, na yeye mwenyewe akaitikia amina.

"Binti, mimi nimebakiza miaka minne nistaafu."

"Nami nimebakiza siku moja," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaniachia kile kitabu chake mezani. "Kaa nacho. Kama nikishindwa, angalau kitakuwa kwenye kabati la mtu."

Alipotoka nilikaa nikiitazama mashine yangu. Nilikasirika sana, na mpaka leo sijui nilimkasirikia nani. Kisha nikachapa: kipengele cha tatu, kuchomeka waya, kipengele cha tisa, hotuba.

*

Waziri aliwasili saa tisa na dakika thelathini na tano. Wanafunzi wa Historia, mwaka wa kwanza, walimpokea kwa wimbo. Wimbo ulikuwa na beti nyingi kuliko nilivyokumbuka. Nasikiwa alikuwa amepewa kazi ya kushika sinia lenye mkasi.

Kipengele cha kwanza, sala. Cha pili, utambulisho. Profesa Mkunde aliwatambulisha wageni wote, kisha akawatambulisha ambao hawakufika. Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha dakika tisa kabla ya saa kumi.

"Kipengele cha tatu," alisoma Bi. Eufrasia, akasita, akaigeuza karatasi kuona kama nyuma kuna lingine. Alinitazama. Nilikuwa nimeinamia daftari langu, naandika kwa bidii. "Kuchomeka waya."

Waziri, aliyekwisha kutoa miwani ya kusomea hotuba, alishangaa kidogo, lakini ratiba ni ratiba. Alikata utepe wa Awamu ya Pili. Akauchomoa waya wa buluu kwenye soketi ya dhahabu, na watu wakavuta pumzi. Akapiga goti juu ya mto. Kamera zikamwagika. Hapo akaganda.

"Mheshimiwa, chomeka," alinong'ona Bi. Eufrasia.

"Subirini wapige na upande huu," akasema waziri, akageuza shavu. "Na huu."

Dakika nne. Nilimwona Nasikiwa akiuma mdomo mpaka ukapauka. Wapiga picha wakatosheka, waya ukaingia, tik, na juu ya kile kisanduku taa ya kijani ikawaka, ikaanza kukonyeza.

"Imewaka!" Fundi Obadia alipiga ukelele, akakibandua kibandiko chake akakirusha juu. "Imewaka jamani!"

Nasikiwa aliweka sinia chini na kukimbia. Alifika kompyuta ya karibu, akachomeka flashi yake, akafungua Mfumo. Ukurasa ulikuja taratibu, kipande kwa kipande. Dakika mbili. Utafiti ukapanda wote. Kikabaki kitufe kimoja kilichoandikwa TUMA.

"Unafanya nini hapo, binti?" Waziri alikuwa amesimama nyuma yake, akipangusa goti.

"Natuma utafiti wangu, mheshimiwa. Ndio wa kwanza kupita kwenye waya wako."

"Wa kwanza?" Uso wa waziri ukang'aa. "Kitufe ni kipi? Hiki?"

Nasikiwa alifungua mdomo kumzuia, lakini kidole kile, kilichokata tepe zaidi ya mia, kilikwisha kushuka. Kioo kikaandika: UMEPOKELEWA. SAA 9:59.

Makofi, vigelegele, ngoma. Nasikiwa aliangua kilio, akamkumbatia Fundi Obadia, akanikumbatia na mimi, daftari langu likaanguka. Ilikuwa furaha, nasema wazi, na mimi nililia pia. Tulikuwa bado tunalia Bi. Eufrasia alipokuja na kipande cha utepe, akakifunga kwenye ile kompyuta kwa taadhima.

"Utafiti huu," alitangaza, "umezinduliwa."

*

Mnaijua sheria. Anziwa, aliyepaswa kuusahihisha, aliupata kwenye Mfumo Jumatatu, ukiwa na alama ya utepe. Aliandika barua kuomba ruhusa ya kuufungua. Akajibiwa kwamba mwenye ruhusa ni waziri, na waziri yuko ziarani anapiga magoti mikoani.

Seneti ya Chuo ikakaa. Baada ya mjadala mrefu iliamua kwamba, kwa kuwa hakuna kosa hata moja lililoonekana katika utafiti huo, mwanafunzi amepata mia kwa mia. Nasikiwa akahitimu akiwa wa kwanza kupata alama hizo katika historia ya nchi. Akaajiriwa chuoni, ofisi moja na mdogo wake.

Alikuja kunishukuru. Nilidhani angekuwa anacheka.

"Miaka miwili, mzee," alisema. "Nimesimama kwenye yale maji miaka miwili. Nina mia kwa mia na hakuna aliyefungua hata ukurasa wa kwanza." Hakulia safari hii. Alichukua mabuti yake mlangoni akaenda zake.

Nilikaa vibaya siku nzima. Ndipo nikakumbuka kile kitabu alichoniachia. Nikalisoma upya lile azimio la Seneti, nililoliandika kwa mkono wangu. Kilichozinduliwa ni utafiti ulio kwenye Mfumo. Karatasi hazikutajwa popote.

Nilikisoma Jumamosi, na chai ya tangawizi. Kurasa nyingi zilinishinda, nikiri. Lakini ukurasa wa thelathini na moja uliandikwa hata karani angeelewa. Ulisema mvua za mwaka huu zikija, maji ya bomba lile yataingia wodi ya wazazi na kufika kwenye vitanda. Chini yake kulikuwa na pendekezo la mstari mmoja: koki ifungwe, hufungwa kwa kuzungushwa kulia, nusu duara.

Mimi si mtu wa siasa. Ila Jumapili mchana nilikwenda Bondeni kumjulia hali shemeji yangu aliyejifungua, na wakati wa kutoka nikapita bombani kunawa mikono. Nilinawa vizuri, kwa sabuni. Nilipomaliza nilifanya kile anachofanya mtu yeyote nyumbani kwake akimaliza kunawa.

Jumatatu nchi iliamka na habari kwamba maji ya mgeni rasmi wa Bondeni yamekauka. Hakuna aliyesema koki imefungwa, maana kusema hivyo ni kusema kuna mtu ameigusa, na kuna mlinzi hakumwona. Imeundwa Kamati ya Kuchunguza Kusita kwa Maji. Maji yameandikiwa barua yajieleze. Mwandishi wa kamati ni mimi.

Jana Nasikiwa aligonga mlango wangu. Viatu vyake vilikuwa vikavu.

"Shikamoo mzee Ngwali."

"Marahaba, mwalimu."

Alisimama pale akinitazama, nami nikajifanya natafuta kalamu. Kile kitabu kilikuwa wazi mezani, na duara la kikombe cha chai juu yake.

"Umeusoma," alisema.

"Baadhi. Kuanzia thelathini na mbili kwenda mbele zile hesabu zilinishinda."

Akavuta kiti, akachukua kalamu mkononi mwangu, akafunua ukurasa wa thelathini na mbili. "Zipi?" akasema. "Nionyeshe."